Protini za Damu Zibebazo Oksijeni na Ulinzi wa Mwili wa Wanyama

Vitabu vingi vya baiolojia huzigawa kazi za damu katika mafungu yaliyotengana: upande mmoja protini zinazosafirisha oksijeni, upande wa pili seli na kingamwili zinazopambana na vimelea. Mgawanyo huo humsaidia mwanafunzi kukumbuka somo, lakini wanyama wengi wasio na uti wa mgongo hawaufuati, kwa kuwa kwao protini ileile inayopeleka oksijeni kwenye misuli ndiyo pia inayogeuka silaha pindi gamba linapotoboka na bakteria kupata njia ya kuingia.

Mfano ulio wazi zaidi ni hemosianini, protini ibebayo oksijeni katika damu ya kaa, kambamiti, nge, buibui, pweza na konokono wengi. Hemoglobini ya binadamu hunasa oksijeni kwa madini ya chuma na hukaa ndani ya chembe nyekundu. Hemosianini hutumia shaba, atomu mbili kwa kila molekuli ya oksijeni, nayo huelea moja kwa moja katika umajimaji wa damu, na ndiyo sababu damu ya pweza huwa ya buluu inapojaa oksijeni na hupoteza rangi hiyo oksijeni ikishatumika. Katika kaa na kambamiti, kwa kawaida zaidi ya nusu ya protini zote za umajimaji huo ni hemosianini. Ingekuwa ajabu kwa akiba kubwa kiasi hicho kuachiwa kazi moja tu, hasa kwa mnyama asiye na kingamwili.

Kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda mahususi kwa ajili ya kumkabili adui fulani, ni mali ya wanyama wenye uti wa mgongo. Kambamiti hutegemea kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo nguzo yake mojawapo ni fenoloksidasi, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kinachosaidia kuzigeuza kemikali za jamii ya fenoli kuwa kwinoni. Hizi huua vijidudu, kisha huungana na kuwa melanini, dutu nyeusi inayoziba jeraha na kumzingira mvamizi. Fenoloksidasi na hemosianini ya kaa ni za ukoo mmoja, na zote mbili hubeba jozi ya atomu za shaba iliyopangwa kwa namna moja.

Kinachozitofautisha ni mlango. Katika hemosianini, sehemu ya mnyororo wa protini hujipinda na kusimamisha asidi amino moja mbele ya shaba, hata oksijeni, iliyo ndogo, ikapita bila shida, ilhali fenoli, iliyo kubwa zaidi, ikazuiwa. Sehemu hiyo ikikatwa au ikisukumwa kando, njia hubaki wazi, na protini iliyokuwa mchukuzi huanza kufanya kazi ya kimeng'enya. Mwaka 1998 Heinz Decker na Thomas Rimke, watafiti wa Ujerumani, walilionyesha jambo hili kwa kutumia hemosianini ya buibui mkubwa wa aina ya tarantula, na tangu hapo mabadiliko ya namna hiyo yameonekana katika wanyama wengine kadhaa wenye hemosianini.

Dalili ya kemia hii huonekana hata sokoni. Kambamiti aliyevuliwa na kuwekwa kwenye barafu huanza kuwa mweusi kuanzia kichwani, na mnunuzi humdhania ameoza. Kumbe weusi huo ni melanini, inayotokana na fenoloksidasi na, kwa sehemu, hemosianini, ambazo huendelea kufanya kazi baada ya mnyama kufa. Wasindikaji huuzuia kwa kumchovya katika maji yenye sodiamu metabaisalfaiti.

Utafiti uliofanywa Singapore na kuchapishwa mwaka 2007 uliongeza jambo la kuvutia zaidi. Mnyama aliyechunguzwa ni Carcinoscorpius rotundicauda wa mikoko ya kusini-mashariki mwa Asia, ambaye gamba lake hufanana na kwato ya farasi na ambaye, licha ya kuitwa kaa katika lugha nyingi, ni ndugu wa buibui na nge. Bakteria wengi waenezao maradhi hutoa vimeng'enya vya kukata protini ili wapenye katika tishu. Watafiti waliona kwamba vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyoiamsha hemosianini, ikaanza kuzalisha aina za oksijeni zenye ukali wa kikemia, ambazo huua bakteria papo hapo. Mvamizi, kwa maneno mengine, hujifyatulia mtego. Hemoglobini ya binadamu iliyobadilika baada ya kutoka katika chembe nyekundu nayo ilionyesha tabia inayokaribiana na hiyo katika maabara.

Hata vipande vya protini hizi vina kazi. Mwaka 2001 ilibainishwa kwamba mkia wa hemosianini ya kambamiti hukatwa na kuwa vipande vidogo vinavyozuia kuvu. Miaka 2 kabla ya hapo, kipande cha hemoglobini ya ng'ombe chenye uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu kilikuwa kimepatikana ndani ya utumbo wa kupe: mnyonyaji hujilinda kwa damu ya anayemnyonya.

Hata hivyo, si halali kuitangaza hemoglobini kuwa dawa. Bakteria huhitaji chuma, na Staphylococcus aureus, kwa mfano, hupasua chembe nyekundu na kuinyang'anya hemoglobini chuma chake. Kwa sababu hiyo mwili wa binadamu huharakisha kuikusanya hemoglobini iliyomwagika kwa protini nyingine iitwayo haptoglobini, kabla adui hajaifikia.

Kwa wafugaji wa kambamiti suala hili lina uzito wa kipekee. Mnyama asiye na kingamwili hawezi kuchanjwa kama anavyochanjwa kuku au ng'ombe, kwa hiyo usafi wa bwawa na uteuzi wa mbegu yenye kinga imara ya kuzaliwa ndiyo njia za kutegemewa, na hemosianini ni miongoni mwa protini zinazostahili kuchunguzwa kwanza katika uteuzi huo.