Utabiri wa Hewa Umfikie Mvuvi Aliye Majini



Katika mikutano yetu ya mialo, kuanzia Magara na Minago mpaka Rumonge na kushuka hadi Nyanza-Lac, swali moja limekuwa likirudi kila mara: hizi habari za hewa zinazosomwa redioni zinatufaa nini sisi tunaokesha ziwani? Mwenzetu mmoja alisema kwamba redio inamwambia mkulima apande lini, lakini mvuvi haimwambii arudi lini. Wengi walicheka, lakini neno lile lilikuwa na ukweli. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kila mtu ajue utabiri unaweza kumpa nini na hauwezi kumpa nini, na chama kinadai nini.

Tuanze na dhoruba yenyewe. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa kilomita 50 tu kwa wastani. Limelala kama mfereji kati ya milima. Uso wa maji uko kwenye mita 770 hivi, na nyuma ya Rumonge nchi inapanda kwa haraka mpaka mita 2,000 na zaidi. Ng'ambo, upande wa Kongo, iko rasi ya Ubwari na milima nyuma yake. Mchana jua linachoma nchi kavu upesi kuliko maji, basi upepo unatoka ziwani kwenda milimani, na mawingu yanajengeka juu ya vilima. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa, hewa baridi inateremka mabondeni kutoka pande zote mbili, inakutana juu ya maji ambayo bado yana joto la mchana. Hewa ya juu ya maji inasukumwa kwenda juu, na wingu linazaliwa hapo hapo tunapofanyia kazi, katika saa zile zile ambazo taa zimewashwa na ndagala wanakusanyika.

Wingu kama hilo linapoanza kumwaga mvua, linashusha pamoja nayo hewa baridi kwa nguvu nyingi. Hewa hiyo ikigonga maji haina pa kwenda ila kusambaa, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndiyo sababu upepo unatangulia mvua. Anayesubiri tone la kwanza ndipo avute wavu amechelewa. Wazee wetu walilijua hilo bila kusoma popote, nasi tunawaheshimu kwa hilo. Lakini tunaweza kuongeza hesabu kidogo. Sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie radi, kisha gawanya kwa tatu. Sekunde thelathini ni kilomita kumi. Dhoruba inayotembea kilomita 40 kwa saa itakufikia baada ya robo saa, na upepo wake utafika kabla yake. Sasa fikiria katamarani, mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti, taa mbele na nyuma, na wavu uko chini ya maji makumi ya mita. Robo saa hiyo haitoshi kuvuta wavu kwa utulivu na kufika mchangani.

Hiyo ni hatari ya masika, kuanzia Oktoba mpaka karibu na Mei. Kiangazi kina hatari yake nyingine, ile ya upepo wa kusini, nao hauhitaji wingu. Unavuma siku kadhaa mfululizo, na kwa kuwa ziwa ni refu, mawimbi yanapata nafasi ya kukua tangu mbali huko kusini. Mvuvi wa Rumonge anaweza kuona nyota zote mbinguni na bado akapigwa na mawimbi. Lakini upepo huo una adabu kuliko dhoruba ya usiku: watabiri wanaweza kuuona unakuja siku moja au mbili kabla. Kwa huo, tangazo la jioni linatosha, mradi lizungumzie upepo na mawimbi pamoja na mvua.

Sasa, utabiri unatengenezwaje? Hapa Burundi kazi hiyo iko mikononi mwa taasisi ya IGEBU. Watabiri wa nchi zote hutumia hesabu za kompyuta kubwa, zinazogawa dunia katika miraba na kukadiria hewa ya kila mraba itakwendaje. Wana pia picha za setilaiti. Ile ya Meteosat imekaa juu ya Afrika kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, nayo hutoa picha mpya mara kadhaa kila saa, usiku na mchana. Picha za usiku zinapima baridi ya kilele cha wingu. Kilele chenye baridi kali maana yake wingu limepanda juu sana, na wingu la namna hiyo ndilo la kuogopwa.

Lakini mtabiri anayeandika tangazo lake saa tisa alasiri hawezi kuliona wingu litakalozaliwa saa tano usiku mbele ya Kizuka. Wingu lenye upana wa kilomita chache linaweza kupotea ndani ya miraba ile. Kwa hiyo anasema tu kwamba mvua na radi zinawezekana. Wengine wanamwita mwongo kwa sababu hiyo. Sisi tunaona wanamwonea. Amesema kweli yote aliyoweza kuisema saa hiyo. Upungufu uko kwingine: baada ya tangazo lile hakuna mtu anayemwangalizia mvuvi mambo yaliyobadilika usiku.

Huko Marekani wako watu wanaofuata dhoruba kwa magari, wengine kwa uchunguzi, wengine kwa kupiga picha. Ni kazi ya ajabu kwetu sisi tunaozikimbia. Hata hivyo liko jambo moja la kujifunza kwao. Mara nyingi yule aliye barabarani ana mwenzake aliyebaki nyumbani mbele ya picha za rada, anampigia simu kumwambia dhoruba imegeuka, toka njia ile. Aliye karibu na dhoruba anaona kipande tu, na aliye mbali anaiona nzima. Wala hata hivyo haiwi kinga kamili. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno katika jimbo la Oklahoma, kimbunga kilibadili njia na kupanuka kupita kilomita nne, kikawaua watafiti watatu, Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Hao walikuwa watu wenye ujuzi wa miaka mingi.

Karibu zaidi nasi, katika Ziwa Viktoria, mwaka 2011 wavuvi wa visiwa vya Kalangala, Uganda, walianza kupelekewa maonyo ya hewa kwenye simu zao, kwa rangi kama za taa za barabarani. Na mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba dhoruba za mchana kwenye nchi inayozunguka ziwa lile zinaweza kutumika kuonya juu ya dhoruba za usiku majini. Ziwa letu ni jembamba na lina milima mirefu, hivyo tusinakili kila kitu. Lakini mtu anayetazama vilima vya Bururi saa kumi jioni, akaangalia na picha ya setilaiti, tayari ana neno la kuwaambia wenzake kabla vyombo havijasukumwa majini.

Ndiyo maana chama kinapendekeza kila mwalo uwe na mlinzi wa hewa, mtu wa zamu anayekesha nchi kavu. Hahitaji shule kubwa. Anahitaji simu yenye intaneti na chaji, saa, na orodha ya vyombo vilivyotoka usiku huo pamoja na upande vilikoelekea. Kila robo saa anatazama picha mpya. Akiona wingu linakua upande wa Ubwari au linateremka kutoka milimani, anapiga simu. Ujumbe uwe mfupi, maana mtu aliye juu ya wavu hana nafasi ya kusikiliza hadithi: wingu liko wapi, linaelekea wapi, rudi au ngoja.

Wengine watauliza juu ya mtandao, na ni haki yao. Minara ya simu imejengwa kwa ajili ya mji na barabara, haikujengwa kwa ajili ya maji, na ukienda mbali simu inakuwa bubu. Tena wengi wetu huzima simu kulinda chaji, au huifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni isiloe. Basi tukubaliane kwamba kila chombo kiwe na simu moja iliyo wazi usiku kucha, ya nahodha au ya mtu mwingine aliyechaguliwa. Na mwalo uwe na taa nyekundu mahali pa juu. Ikianza kuwaka na kuzimika, kila aionaye anajua maana yake na anampasia jirani kwa kufunika na kufunua taa yake mwenyewe. Usiku ziwa lote linameta kama mji kwa taa zetu. Habari inaweza kupita juu ya maji kwa taa hizo hizo.

Tunafika sasa kwenye fundo lenyewe. Onyo likija, nani anaamua? Tumesikia kwenye mialo zaidi ya mmoja mwenye chombo akisema: usipotoka leo, kesho usije. Tunalipwa kwa mgao. Usiku bila samaki ni nyumba bila chakula, na mwenye chombo naye analijua hilo. Hata utabiri ungekuwa sahihi kwa dakika, haumfai mtu asiyeruhusiwa kuutii. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unaohusu kazi ya uvuvi, unasema kwamba mwenye chombo asimzuie nahodha kuamua lolote analoliona kuwa la lazima kwa usalama wa chombo na watu wake. Na mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamkinga mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake. Chama kinataka maneno hayo yaandikwe katika mapatano ya kila mwalo, pamoja na hili: wavu ukikatwa na kuachwa ili watu wapone, gharama yake isikatwe kwenye mgao wa wavuvi.

Wasiosadiki wakumbuke Desemba 2014, meli ya MV Mutambala ilipozama upande wa Kongo kwa upepo mkali, na watu zaidi ya 120 wakafa. Ile ilikuwa meli. Sisi tuko juu ya mbao na miti.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Katika miaka hii ya uhaba, vyombo vingine vimekuwa vikitoka na mafuta ya kwenda tu, kwa matumaini ya kurudi taratibu alfajiri kwa makasia au kwa kuvutwa na mwenzao. Onyo la saa sita usiku halimsaidii mtu ambaye mashine yake imekauka. Akiba ya kurudi ihesabiwe kabla ya kutoka, nayo iwe gharama ya chombo, kama tanga na kamba zilivyokuwa zamani.

Kuhusu malipo ya mlinzi, pendekezo lililopita kwenye mikutano mingi ni kila chombo kumtolea beseni moja ya ndagala kwa kila mzunguko wa mwezi, nusu itoke fungu la mwenye chombo na nusu fungu la wavuvi. Mafunzo yatafanyika siku za mwezi mpevu, wakati taa hazivuti samaki na vyombo viko mchangani. Tutaanza na mwalo wa Rumonge. Kila chombo kilete watu wawili, na waje na simu zenye chaji.