Mwanachama wa Kawaida Anapojipa Uenyekiti Ndani ya Kompyuta

Kuna vikundi vya kujisaidia hapa Nyamache, vya akina mama wanaoweka na kukopeshana, vya vijana wenye vitalu vya miche, vya wakulima wa majani chai, ambavyo siku hizi vinaandika hesabu zao kwa kompyuta. Wengine wamechanga wakanunua laptopu moja ya kikundi. Wengine hawana, basi katibu anatia flashi mfukoni na kwenda saiba siku ya soko. Kwa vyovyote, mashine moja inaguswa na mikono mingi.

Swali ambalo kila kikundi kingefaa kujiuliza ni hili: je, mtu aliyepewa nafasi ndogo kwenye mashine hiyo anaweza kujipandisha cheo mwenyewe, bila kupewa neno la siri la mkuu? Jibu ni ndiyo. Imewahi kuwezekana, tena si mara moja.

Kompyuta ina vyeo

Ukifungua katiba ya kikundi utakuta vyeo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kisha wanachama. Mwanachama ana haki ya kuona kitabu cha hesabu mbele ya mkutano, lakini hawezi kwenda benki peke yake akatoa pesa. Lazima watia sahihi wawepo. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Ile programu kubwa inayoiendesha, iwe ni Windows au Linux, inamjua mkuu na inawajua watumiaji wa kawaida. Mkuu anaweza lolote: kuweka programu mpya, kufungua faili ya mtu yeyote, kubadilisha maneno ya siri, hata kufuta kumbukumbu ya nani aliingia saa ngapi. Mtumiaji wa kawaida anafanya kazi katika chumba chake tu.

Kasoro tunayoieleza hapa ni ile inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kuwa mkuu bila kuteuliwa na mtu. Huyo havunji mlango wa nje. Tayari yuko ndani na amepewa kiti, ila anahamia kiti cha mbele wakati wengine hawaangalii.

Karani mwenye muhuri

Sasa mtu atauliza, kama hana mamlaka, anayatoa wapi? Anayatoa kwa karani. Kila kompyuta ina programu chache ambazo zimekabidhiwa muhuri wa mkuu ili ziwahudumie wadogo. Chukua mfano: mtumiaji wa kawaida anataka kubadilisha neno lake mwenyewe la siri. Daftari la maneno ya siri ni la mkuu, yeye haruhusiwi kuligusa. Basi iko programu inayolifungua kwa niaba yake, inaandika mstari wake mmoja na kulifunga. Programu hiyo inafanya kazi kwa nguvu za mkuu hata kama aliyeiita ni mtoto wa shule. Ndiyo maana inatakiwa iwe makini kuliko zote.

Kwenye Linux mojawapo ya makarani hao inaitwa pkexec. Tarehe 25 Januari 2022 kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo Qualys ilitangaza kwamba mtumiaji yeyote wa kawaida angeweza kuitumia pkexec kujifanya mkuu. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu Mei 2009. Miaka zaidi ya 12! Iligusa Ubuntu, Debian, Fedora na CentOS, zikiwa katika hali yake ya kawaida, bila mtu kuharibu chochote. Ubuntu wengine wetu tunaifahamu. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikatoka mara ya kwanza mwaka wa 2004, na CD zake zilikuwa zikitumwa bure kwa posta duniani kote hadi 2011. Jina lenyewe ni ndugu wa "mtu" na wa "omonto" wetu.

Kosa lilikuwaje? Programu yoyote inapoitwa hupewa karatasi mbili, zikiwa zimepangwa zikifuatana katika kumbukumbu ya kompyuta. Karatasi ya kwanza ni ya maagizo. Kwa desturi mstari wake wa kwanza ni jina la programu yenyewe, na kazi inayoombwa inaanzia mstari wa pili. Karatasi ya pili inaeleza mazingira: mtumiaji anatumia lugha gani, vitu fulani vitafutwe wapi, na mengine kama hayo. Mistari mingine ya mazingira ni ya hatari, kwa sababu inaweza kumwambia karani, "Vifaa vyako vichukue kwenye begi langu." Kwa hiyo kuna mlinzi mlangoni ambaye huiondoa mistari hiyo kabla karani mwenye muhuri hajaanza kazi.

Basi pkexec ilizoea kuanzia mstari wa pili. Haikuuliza kama karatasi ya maagizo ina mstari hata mmoja. Mtu akiiita kwa karatasi tupu kabisa, mstari wa pili haupo, na jicho la karani linaangukia mstari wa kwanza wa ile karatasi nyingine, ya mazingira. Karani anausoma akidhani ndiyo kazi aliyoombwa, anaitafuta anwani yake kamili, halafu anaiandika anwani hiyo pale pale alipoisoma. Hapo ndipo mstari wa hatari unarudishwa kwa mkono wa karani mwenyewe, na mlinzi wa mlangoni alishamaliza zamu yake. Baadaye kidogo pkexec inataka kutoa ujumbe kwamba kuna kosa. Inaufuata mstari ule, inatoa kifaa kwenye begi la mgeni na kukitumia kwa nguvu za mkuu. Kuanzia hapo mgeni ndiye mkuu.

Jambo linalosikitisha zaidi, kwa maoni yangu, si kosa lenyewe. Mwaka wa 2013 mtaalamu mmoja, Ryan Mallon, alikuwa ameshaona kwamba pkexec haiangalii karatasi tupu, akaandika juu yake. Lakini hakupata njia ya kuitumia kwa madhara, na jambo likalala. Ni kama mkaguzi anayekuta hundi tupu yenye sahihi ndani ya kitabu, watu wanasema "lakini pesa haijapotea," wanaendelea na ajenda. Qualys waliwaarifu wenye programu mnamo Novemba 2021, kabla ya kutangaza, na siku ya tangazo marekebisho yalikuwa tayari. Ni mistari michache tu inayouliza: je, karatasi ina kitu? Hata hivyo Juni 2022 shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, CISA, liliiingiza kasoro hiyo katika orodha ya zile ambazo wahalifu wanazitumia kweli. Marekebisho yalikuwepo, lakini kuna mashine ambazo hazikuwa zimeyapokea.

Windows nayo

Mtu asiseme, "Hiyo ni ya Linux, sisi ni watu wa Windows." Mwaka wa 2021 Windows ilipata mambo yake mawili.

La kwanza lilihusu kuchapisha, na saiba bila printa si saiba. Ndani ya Windows kuna huduma inayopanga foleni ya karatasi za kuchapishwa, nayo inafanya kazi kwa nguvu za juu kabisa za mashine. Ilionekana kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kuipa huduma hiyo programu yake mwenyewe akidai ni ya kuendesha printa, nayo ikaipokea na kuitekeleza. Kasoro hiyo ilipewa jina PrintNightmare. Microsoft walianza kutoa marekebisho ya dharura tarehe 6 Julai 2021, hata kwa Windows 7 ambayo walikuwa wameshaiacha tangu Januari 2020. Mjue basi jambo lilikuwa zito kiasi gani.

La pili lilijulikana mwezi huo huo. Katika matoleo ya Windows 10 tangu 2018, faili inayohifadhi maneno ya siri, yakiwa yamefichwa kwa hesabu maalumu, iliachwa na ruhusa ya kusomwa na watumiaji wa kawaida kupitia nakala za akiba ambazo mashine hujitengenezea. Ni sanduku la hazina lenye kufuli tatu, halafu funguo zimetundikwa ukutani.

Sisi sote tuko ndani

Wataalamu wa mijini wakati mwingine huziita kasoro hizi za daraja la pili, kwa sababu haziwezi kumsaidia mtu aliye mbali kuingia. Lazima kwanza awe na nafasi ndani ya mashine. Kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake, chumbani kwake, huenda maneno hayo yana maana. Lakini kwa kompyuta ya kikundi, ya shule au ya saiba, kila anayeketi pale ameshaingia tayari. Kijana anayechapa barua, mgeni aliyelipia dakika kumi, na hata faili iliyokuja na flashi ya jirani, wote wako ndani.

Na akishakuwa mkuu atafanya nini? Anaweza kuweka programu inayoandika kila herufi unayobonyeza, ikiwemo neno la siri la eCitizen na la benki. Anaweza kubadilisha daftari la mikopo, aliyekopa elfu nane aonekane amekopa elfu tatu, kisha afute alama ya kwamba aliingia. Mwisho wa mwaka, wakati wa kugawana, akina mama watatazamana kwa jicho baya, na huenda mweka hazina akasingiziwa bure.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, akaunti mbili. Ya mkuu iwe na neno la siri linalojulikana na viongozi wawili, wala si yule anayechapa kila siku. Katibu atumie akaunti ya kawaida. Kwenye Windows, fungua mahali pa mipangilio penye akaunti yako: ukiona neno Administrator chini ya jina la katibu, bado hamjatenganisha. Mtu atasema, kwani kuna faida gani kama kasoro inaruka ukuta? Iko. Programu nyingi chafu zinazokuja na flashi hazijui kuruka. Zinategemea tu kumkuta mtumiaji ambaye tayari ni mkuu.

Marekebisho ndiyo dawa yenyewe. Tengeni pesa ya bando kila mwezi, iingie kwenye bajeti kama vile mnavyolipia ukumbi, mashine iunganishwe na ipokee yote. Kisha iwashwe upya, maana marekebisho mengi hayaanzi kazi mpaka hapo, na wengi wetu tunabonyeza "baadaye" mwezi mzima. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Yenye shida hiyo inaweza kuwekewa Linux mpya, ambayo ni bure. Tafuteni kijana anayeijua kweli, asiwe mwenye kuuza nakala za wizi.

Katika saiba, chapeni barua na mtoe nakala, lakini msifungulie huko akaunti ya benki. Hapo hamjui nani ni mkuu.

Kaunta buku msilitupe. Kila mkutano jumla zisomwe kwa sauti kutoka kwenye kompyuta na kutoka kwenye kitabu, na watia sahihi watie sahihi kwa wino. Mkuu wa kompyuta, wa haki au wa wizi, hafiki kwenye wino.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inasema anayeingia bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo mkikuta akaunti msiyoijua kwenye mashine, au jumla zimekataa kulingana, kateni intaneti, wala msifute chochote, kwa sababu huo ndio ushahidi. Badilisheni maneno ya siri kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, mwandike katika kumbukumbu za mkutano tarehe na nani aliyekuwa wa mwisho kuitumia, halafu mwende polisi na mashine ikiwa kama mlivyoikuta.