Nyavu Ndani ya Taa ya Redio

Mtu akifungua redio ya zamani kwa nyuma ataona chupa ndogo za kioo zimesimama safu, na redio ikifanya kazi, mwanga mwekundu huonekana ndani yake. Chupa hizo zafanana na taa, lakini kazi yake si kuangaza. Kazi yake ni kukuza wimbi dogo litokalo mbali, hata sauti isikiwe na watu wote wa nyumba. Mafundi huziita valvu.

Kwanza hewa iliyomo huondolewa, kisha kioo hufungwa imara. Katikati pana uzi wa madini upashwao moto kwa umeme. Ukiisha kupata moto, chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huruka kutoka humo, kama mvuke utokavyo katika maji yachemkayo. Kando yake pana bamba la madini. Elektroni zina umeme wa namna iitwayo hasi. Hufukuzwa na umeme hasi, na huvutwa na umeme wa namna ya pili, uitwao chanya. Basi bamba likitiwa umeme chanya, elektroni humiminika kulielekea. Kama hewa ingalikuwamo, zingaligongana nayo njiani, na uzi ungaliungua upesi. Taa yenye uzi na bamba tu ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming, mwaka 1904. Ilipitisha umeme upande mmoja tu, wala haikuweza kukuza kitu.

Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani alitia kitu cha tatu kati ya uzi na bamba, ndicho wavu. Wavu huu haukufumwa kama wa wavuvi. Ni uzi mwembamba uliokunjwa au kuzungushwa, wenye nafasi za kupitia. Ukitiwa umeme hasi, elektroni nyingi hurudishwa. Umeme huo ukipungua, nyingi hupita. Ni kama ubao wa kuzibia mfereji shambani: mtoto huuinua kwa mkono mmoja, yakapita maji mengi asiyoweza kuyachukua yeye mwenyewe. Vivyo hivyo wimbi hafifu likifika kwenye wavu, mkondo wenye nguvu hufuata mwendo wake.

Lakini taa hiyo ilikuwa na ila. Vitu viwili vya madini vikikaribiana, hata visipogusana, umeme ubadilikao upesi katika kimoja huutikisa umeme wa kingine. Basi nguvu za bamba zilirudi kwenye wavu, zikakuzwa, zikarudi tena, hata redio ikapiga mluzi na maneno ya msemaji yakapotea.

Dawa yake ilikuwa wavu wa pili, uliowekwa kati ya wavu wa kwanza na bamba. Walter Schottky wa Ujerumani alilifikiri jambo hili wakati wa vita vya 1914 hata 1918, na baada ya 1920 mafundi wa Marekani na Uingereza wakaliendeleza. Wavu wa pili hutiwa umeme chanya usiobadilika, ukawa kama ukuta kati ya bamba na wavu wa kwanza. Elektroni nyingi hupita katika nafasi zake, zikaenda mbio mpaka bambani. Mluzi ukakoma.

Hata hivyo ila nyingine ikatokea. Elektroni ziendazo mbio zikipiga bamba, hubandua elektroni nyingine, kama jiwe litupwalo topeni lirushavyo matope. Mvuto wa bamba ukipungua kuliko wa wavu wa pili, hizo zilizobanduliwa hukimbilia wavu huo, na sauti huharibika. Mwaka 1926, katika kiwanda cha Philips nchini Uholanzi, Bernard Tellegen pamoja na Gilles Holst walibuni wavu wa tatu, karibu na bamba, uliounganishwa na mahali elektroni zitokapo. Elektroni zitokazo mbali hupita kwa mbio zake. Zile dhaifu zilizobanduliwa hurudishwa bambani. Taa hiyo huitwa pentodi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya tano, maana ina vitu vitano: uzi, nyavu tatu, na bamba.

Mwaka 1933 zilitokea Marekani taa zenye nyavu tano, za kuchanganya mawimbi mawili. Mathalani, wimbi la kituo likitikisika mara 1,000,000 kwa sekunde, redio yenyewe hufanya lingine la mara 1,455,000. Kila moja huongoza mkondo kwa wavu wake, na katika bamba hupatikana wimbi la tofauti yao, yaani 455,000. Kituo chochote kikichaguliwa, tofauti ni ile ile. Kwa hiyo ni rahisi kulikuza wimbi hilo na kulitenga na ya vituo vingine.

Mwaka 1947 transista ilibuniwa Marekani. Ni ndogo, haihitaji uzi wa moto, nayo ikachukua mahali pa taa hizi katika redio. Hata leo valvu zingali zikitumika katika mitambo mingine mikubwa ya kutangazia na katika vikuza sauti vya magitaa. Tena zafundisha jambo: kila dawa ilifunua ila mpya, wala mafundi hawakuitupa kazi, bali walitafuta asili ya ila hiyo, wakaongeza uzi mmoja mwembamba mahali pake hasa.

Maswali
1. Kwa nini hewa huondolewa katika taa?
2. Wavu wa pili uliponya ila gani, na ukaleta ipi?
3. Kwa nini wavu wa tatu hauzuii elektroni ziendazo mbio?