Mabao 26 ya Mmachinga, 21 ya Aziz Ki: Tunapimaje?

Kila Ligi Kuu inapokaribia ukingoni, hoja ile ile huwaka kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Ndama na kule Kayanga: nani mfungaji hatari kuliko wote waliopita kwenye ligi yetu? Wazee hawahitaji maneno mengi. Hutaja namba moja, 26, idadi ya mabao ya Mohamed Hussein "Mmachinga" mwaka 1999, na kwao mjadala umefungwa. Vijana hujibu kwa Meddie Kagere, na hapa Karagwe jina hilo lina uzito wake, maana Kagere alizaliwa Uganda akachezea timu ya taifa ya Rwanda, na nchi zote mbili ni jirani zetu wa karibu. "Mzee wangu, huyo Mmachinga angemweza beki wa leo?" kijana huuliza. Mzee hujibu kwamba hawa wa leo wanachezea kapeti, akimaanisha nyasi bandia kama zile za Kaitaba, Bukoba.

Wote wawili wana hoja ya maana, ila hakuna anayepima. Mkulima mmoja akivuna magunia 26 ya kahawa ya maganda na jirani yake 21, hakuna mtu wa Ndama atakayesema wa kwanza ni mkulima bora kabla ya kuuliza eka. Lakini kwenye mpira tunalisahau swali hilo kabisa. Namba 26 husafiri peke yake mwaka hadi mwaka, magazetini na redioni, bila kuandamana na idadi ya mechi, bila kutajwa ngapi zilikuwa penalti.

Kwa misimu ya karibuni, eka tunazijua. Ligi yetu imekuwa ikitanuka na kusinyaa. Msimu wa 2009/10 ilikuwa na timu 12, hivyo kila timu ilicheza mechi 22. Zikawa timu 14 na mechi 26, kisha 16 na mechi 30. Msimu wa 2018/19 zikafika 20, mechi 38 kwa kila timu, halafu zikashuka hadi 18, na tangu 2021/22 tumerudi kwenye 16. Kwa hiyo mfungaji bora wa 2018/19 alikuwa na nafasi 16 zaidi za kutikisa nyavu kuliko mwenzake wa 2009/10. Hizo 16 ni zaidi ya nusu ya msimu mzima wa sasa.

Basi tugawanye. Nitachukua mabao ya mfungaji bora, nigawanye kwa mechi ambazo timu yake ilicheza, kisha nizidishe kwa 10 ili namba isomeke kirahisi. Kagere akiwa Simba alifunga 23 mwaka 2018/19 na 22 mwaka 2019/20, misimu yote miwili ikiwa ya mechi 38. Hiyo ni 6.1 kwa kila mechi 10, kisha 5.8. Emmanuel Okwi, Mganda, alifunga 20 katika mechi 30 za 2017/18: anapata 6.7. Tayari Okwi amempita Kagere, ingawa kwenye orodha ya kawaida yuko chini yake. Amissi Tambwe wa Burundi alifunga 19 katika mechi 26 za 2013/14 akiwa Simba, sawa na 7.3, na 21 katika mechi 30 za 2015/16 akiwa Yanga, sawa na 7.0. Stephane Aziz Ki wa Yanga, 21 katika mechi 30 za 2023/24, naye 7.0.

Hapo ningeweza kusimama, na wengi husimama hapo. Lakini hesabu hii ina mtego. Ukiirudisha nyuma zaidi utakutana na Musa Hassan Mgosi wa Simba, mabao 18 katika mechi 22 za 2009/10, yaani 8.2. Anawapita wote kwa mbali. Je, ndiye? Angalia msimu uliotangulia, 2008/09: Mkenya Boniface Ambani wa Yanga naye alifunga 18 katika mechi 22. Watu wawili tofauti, timu mbili tofauti, misimu miwili mfululizo, kiwango kile kile. Hilo likitokea, mtakwimu hushuku zama zenyewe kabla hajawasifu wachezaji. Inaelekea wakati ule mabao yalipatikana kwa urahisi zaidi kwa mshambuliaji wa timu kubwa, pengo kati ya Simba na Yanga na timu za chini likiwa pana. Leo timu ndogo zina fungu la haki za matangazo, kutokana na mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa mwaka 2021, na zinaweza kuwalipa mabeki na makipa wazuri.

Wamarekani wamelishughulikia swali hili kwa miaka mingi kwenye besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na mfano wao ndio ulionifungua macho. Mpigaji hupimwa kwa mapigo yake yanayofaulu katika kila majaribio 1,000. Mwaka 1930 Bill Terry alifikia 401. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza ligi yake kwa 301 tu. Ukiziweka namba hizo pamoja unacheka, unasema Yastrzemski alikuwa mtu wa kawaida. Sasa sikiliza: mwaka 1930 wastani wa wachezaji wote wa ligi ya Terry, wazuri na wabovu kwa pamoja, ulikuwa 303. Bingwa wa 1968 alipiga chini ya mtu wa kawaida wa 1930! Hakuna anayeamini kwamba kizazi kizima cha 1930 kilikuwa na vipaji kuliko bingwa wa 1968. Mwaka 1968 warusha mpira walikuwa wametawala, kiasi kwamba msimu uliofuata wakubwa wa mchezo walishusha kilima ambacho warushaji husimama juu yake ili wapigaji wapate nafuu. Kutokana na hayo wataalamu wao walikubaliana jambo moja: mtu hupimwa kwanza dhidi ya wenzake wa wakati wake, ndipo alinganishwe na wa wakati mwingine.

Nimelijaribu hilo kwetu kwa njia nyepesi, ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Mfungaji bora wa msimu mmoja namlinganisha na mfungaji bora wa msimu uliotangulia na wa msimu uliofuata. Aziz Ki na 7.0 yake yuko katikati ya 5.7 ya 2022/23, pale Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza walipolingana kwa mabao 17 kila mmoja, na 5.3 ya Jean Charles Ahoua, aliyefunga 16 mwaka 2024/25. Ameuzidi wastani wa majirani zake kwa zaidi ya robo. Tambwe wa 2015/16 yuko katikati ya 6.5 ya Simon Msuva na 4.7 ya msimu wa 2016/17, ambapo Msuva na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting waligawana tuzo kwa mabao 14. Naye ameuzidi wastani wa majirani zake kwa karibu robo. Mgosi, ukimweka kando ya Ambani, hajamzidi hata kidogo.

Kuna njia ya pili, ya kumtafuta mtu aliyeishi zama mbili. John Bocco alikuwa mfungaji bora mwaka 2011/12 akiwa Azam, mabao 19 katika mechi 26, na akawa tena mwaka 2020/21 akiwa Simba, mabao 16 katika mechi 34. Kutoka 7.3 hadi 4.7, na tuzo ikaja ile ile. Sehemu ya mteremko huo ni umri, kwani alikuwa ameshavuka 30. Lakini kwamba 4.7 ilitosha kuwashinda vijana wote wa ligi inasema kitu kuhusu ligi yenyewe.

Timu nayo ina mkono wake. Msimu wa 2018/19 Simba walikuwa na Kagere, Okwi na Bocco kwa pamoja, watu watatu ambao kila mmoja amewahi kuwa mfungaji bora. Beki anayemkaba Kagere amewaacha wawili, na hilo humsaidia Kagere. Lakini vilevile mpira mmoja unagombewa na watatu. Mgeukie George Mpole. Mwaka 2021/22 alifunga 17 katika mechi 30 akiwa na Geita Gold, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huo huo, ikamaliza ya nne. Nyuma yake hakukuwa na viungo wa mamilioni. Ukiniuliza ni tuzo ipi imesahaulika upesi kuliko thamani yake, nitakutajia hiyo.

Penalti nazo zihesabiwe kivyake. Kwa soka la dunia, penalti 10 huzaa kwa wastani mabao kama 7 au 8. Bao la penalti ni bao halali, ila linatuambia machache kuhusu ubora wa mfungaji kuliko bao alilolitafuta katikati ya mabeki wawili.

Hukumu yangu ni hii. Kwa msimu mmoja, namweka mbele Aziz Ki wa 2023/24, kwa sababu aliwaacha majirani zake mbali zaidi, na kwa sababu alifanya hivyo akiwa kiungo, mtu ambaye kazi yake ya kwanza si kusimama ndani ya boksi. Kwa mshambuliaji aliyethibitisha zaidi ya mara moja, ni Tambwe: timu mbili hasimu, misimu ya urefu tofauti, karibu kiwango kile kile. Kagere nampenda kama wanavyompenda vijana wa hapa, lakini mechi 38 zilimbeba.

Na Mmachinga? Anastahili kupimwa kwa haki, na haki hiyo imo kwenye magazeti ya 1999 na karatasi za marefa. Wamarekani wameonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Josh Gibson, mpigaji Mweusi wa besiboli, alifariki Januari 1947 bila kuruhusiwa kucheza ligi kuu ya nchi yake kwa sababu ya rangi. Watafiti walikaa miaka mingi wakipekua magazeti ya zamani, mechi moja baada ya nyingine, na Mei 2024 ligi hiyo ikaingiza takwimu za ligi za Weusi kwenye vitabu vyake. Kwa wastani wa maisha yote ya uchezaji, Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa 372, juu ya Ty Cobb mwenye 367.

Ili wafungaji wetu wa leo wasije wakatafutwa hivyo, nawaomba walimu wa michezo wanaopeleka timu kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na makatibu wa timu zetu za ligi ya wilaya, Karagwe na Kyerwa: kila mechi iwe na ukurasa wake kwenye daftari gumu. Tarehe, uwanja, timu zote mbili, majina ya waliocheza, aliyefunga, dakika, penalti au la, na nani alitoa pasi. Mkimaliza msimu, nakala moja ikae shuleni na nyingine ofisi ya michezo ya wilaya.