Antena Sita, Megi Kumi

Ukipita Luthuli utaonyeshwa rauta iko na antena sita zimesimama ka buibui amelala chali, na msee wa duka atakushow bila hiyo keja yako haitoboi. Maze, weka doo mfukoni kwanza. Pakeji yenye unalipia kila mwezi ni ya megi ngapi? Wasee kibao wako kwa megi kumi, na megi kumi hata karauta ka 2012 kanabeba bila noma. Antena haiongezangi kitu hujalipia.

Anza na kebo. Dunga laptop moja kwa moja kwa rauta, ambia mbogi ya nyumba iweke simu chini, alafu pima spidi. Kama kwa kebo unapata yako yote lakini ukiingia bedi muvi inazunguka tu, shida ni waifai. Kama hata kwa kebo ni vumbi, mara mingi ni watu wa fiber, so pigia hao kelele. Na kama rauta ni yao, waitishe ingine. Wanakuwanga nazo, ni vile hawawezi kuletea usiposumbua.

Sasa kama unaishi Pipeline ama Zimma, hapo ndio mambo huchemka. Cheki simu yako waifai zenye zinaonekana: za floti ya juu, za chini, ya duka, ya kinyozi. Nyingi zimejazana kwa bendi ya 2.4 GHz, na huko ni chaneli tatu tu zenye hazigongani: 1, 6 na 11. Geuza rauta yako, usome ile stika ya chini. Ikikuambia 300 Mbps, mara mingi ni Wi-Fi 4 ya kushika hiyo bendi moja, na hiyo 300 ni ya hewani tu, juu mashimo ya kebo huko nyuma yanaishianga 100. Saa mbili usiku ploti nzima ikiwasha muvi, kila rauta inangoja jirani anyamaze ndio iongee. Hata ulipe megi arobaini utaona giza.

Bendi ya 5 GHz iko na chaneli mob, na haipenyi ukuta wa mawe vizuri. Watu huidiss juu ya hiyo, but kwa floti hiyo ndio raha yake: ya jirani inaishia kwake. Hii ndio sababu ya ukweli ya kununua mpya, na haitaki ujikaze hadi Wi-Fi 7. Wi-Fi 5 ya bendi mbili inatosha. Wi-Fi 6 ni ya keja iko na watu wengi na simu kibao. Cheki tu kama simu yako inashika 5 GHz, juu zingine za bei ya mtaa hazishiki.

Rauta ikijizima na kujiwasha yenyewe, kwanza shuku adapta. Hizo huchoka, na mpya ya volti sawa ni soo kadhaa.

Kenye mimi sibishani ni usalama. 2018 kirusi cha VPNFilter kiliingia rauta na mashine za aina hiyo zinakadiriwa nusu milioni, nchi kama 54, hadi FBI wakaambia watu wazime rauta zao na kuwasha tena. Ingia saiti ya kampuni yenye ilitengeneza yako, tafuta modeli, uone programu yake ilisasishwa lini mwisho. Ikiwa ishastaafishwa, itoe, hata kama taa zote ni kijani.

Hiyo ya zamani, kama ni yako na unauzia mtu, dunga sindano kwa kale kashimo ka riseti, ufinye hadi taa zizime ziwake upya. Otherwise unampea na paswadi ya keja yako, na wasee wengine hutumia hiyo hiyo hadi kwa Instagram.