Kadi, Daftari na Likilimba: Fedha za Mtu na Fedha za Mkopo katika Matumizi ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Kila anunuaye kitu hulipa kwa njia moja kati ya mbili: ama hutoa fedha alizo nazo, ama huahidi fedha ambazo bado hajazipata. Benki zimezipa njia hizi sura ya kadi mbili, yaani kadi ya debiti na kadi ya mkopo. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina ya kadi hizo, kisha yanaonyesha kwamba tofauti hiyo hiyo inajulikana vyema huko Kibabi, katika vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako mnunuzi wa kila siku hutumia zaidi noti, simu na daftari la duka kuliko kadi yoyote.

2.0 Suala la istilahi

Maneno debiti na krediti yana asili ya Kilatini. La kwanza linatokana na neno lenye maana ya "kinachodaiwa", na la pili linatokana na kitenzi chenye maana ya "kuamini". Kiswahili kina hazina yake katika uwanja huu. Deni, karadha, riba, rehani na taslimu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Mkopo, kwa upande wake, hutokana na kitenzi -kopa, nacho katika kauli ya kusababisha huzaa -kopesha. Kwa hiyo mfumo wa kitenzi kimoja unawataja wahusika wote wawili: mkopaji na mkopeshaji.

Katika Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya ofisi, aghalabu watu husema carte de crédit kwa kadi yoyote itolewayo na benki. Matumizi hayo yana hatari yake. Mwenye kadi ya debiti anaweza kudhani kwamba benki imemkopesha, hali anakula akiba yake mwenyewe; na mwenye kadi ya mkopo anaweza kudhani kwamba anatumia fedha zake, hali deni linakua. Hapa istilahi hugusa mfuko wa mtu moja kwa moja.

3.0 Jinsi kadi mbili zinavyofanya kazi

Kadi ya debiti hufungua mlango wa hesabu ya mwenyewe. Anaponunua kitu, fedha huondolewa katika hesabu hiyo, na salio likiisha kwa kawaida malipo hukataliwa. Kadi ya mkopo hufanya kinyume. Benki humlipa muuzaji, kisha mwishoni mwa mwezi humpelekea mwenye kadi orodha ya madeni. Akilipa yote kwa wakati, kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake. Akilipa sehemu tu, riba huanza kuhesabiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ana deni la dola 200 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, naye hulipa dola 10 kila mwezi. Katika malipo ya kwanza, dola 6 ni riba, na dola 4 tu ndizo zinazopunguza deni. Atahitaji miezi 31 hivi kulimaliza, na jumla atakuwa amelipa karibu dola 310.

Hata hivyo, kadi ya mkopo ina faida moja ambayo haina budi kutajwa. Kadi ikiibwa, fedha zinazotumika kwanza ni za benki. Kwa kadi ya debiti, fedha zinazotoweka ni za mwenyewe, naye ndiye anayehangaika kudai zirudishwe. Sheria ya Marekani inaitambua tofauti hii: hasara ya mwenye kadi ya mkopo ina kikomo cha dola 50, ilhali ya mwenye kadi ya debiti inaweza kufika dola 500 iwapo hakutoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kugundua wizi, na hata kuzidi hapo akichelewa mno.

4.0 Debiti na mkopo pasipo kadi

Simu ndiyo iliyo karibu zaidi na kadi ya debiti. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Kongo mwaka 2012. Mtu huweka fedha kwa wakala na kutumia kile tu alichoweka. Lakini chombo hicho hicho kinaweza kugeuzwa kuwa cha mkopo. Nchini Kenya, tangu mwaka 2019, huduma ya Fuliza humwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake, kwa ada.

Kadi ya mkopo nayo ina ndugu yake mkubwa, ambaye ni daftari la duka. Mwalimu anayesubiri mshahara huchukua chumvi, sabuni na mafuta, na mwenye duka huandika. Katika machimbo ya koltani ya Masisi, mkopo huu huwa mzito zaidi. Mfanyabiashara humpa mchimbaji chakula na vyombo vya kazi kabla mawe hayajapatikana, kwa sharti kwamba mawe yatauzwa kwake. Riba haitamkwi popote. Imejificha ndani ya bei, kwa kuwa mwenye deni hana uhuru wa kumtafuta mnunuzi mwingine. Mkopo usiotaja riba si lazima uwe rahisi. Mara nyingine ni ghali kwa sababu mkopaji hawezi kuupima. Mijini kuna mkopo wa wazi zaidi, uitwao banque Lambert, ambao riba yake ya mwezi mmoja inaweza kufika nusu ya fedha zilizokopwa.

Likilimba inaunganisha pande zote mbili. Watu 10 wakichanga dola 10 kila mwezi, anayepokea wa kwanza hupata dola 100 hali ametoa 10 tu: ana deni la dola 90 kwa wenzake. Anayepokea wa mwisho amekuwa akiweka akiba muda wote huo. Hakuna riba, lakini dhamana ipo, nayo ni jina la mtu mbele ya majirani. Wa mwisho hubeba hatari kubwa ikiwa wa kwanza atahama au vita vitawatawanya.

5.0 Uaminifu wa chombo

Mashaka juu ya benki yana historia. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na 10, na wengi walipoteza akiba zao. Mwezi wa Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa noti ya zaire milioni 5, na ghasia za askari waliolipwa kwa noti hiyo zikafuata. Tena, M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifunga milango. Mwenye kadi ya debiti alibaki na fedha katika hesabu, lakini bila mahali pa kuzitolea. Fedha zake zilikuwa zake kwa maandishi tu.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Methali hii haikatazi mkopo; inaonya kwamba furaha ya kupokea na uchungu wa kurudisha havikutani siku moja. Kutokana na maelezo haya, kanuni tatu zinajitokeza. Kwanza, kitu kinachokwisha leo, kama unga na mafuta, kilipwe kwa fedha zilizopo, iwapo zipo. Pili, mkopo ufae kwa kitu kitakachodumu kuliko deni lake, kama mbegu, karo au chombo cha kazi, na bei yake yote ijulikane kabla ya kukubali. Tatu, akiba isiwekwe mahali pamoja, kwani benki, simu na likilimba kila kimoja kina siku yake ya kufungwa.

Wanaisimu nao wana wajibu wao. Kadi ya fedha za mtu na kadi ya fedha za mkopo zipewe majina mawili yasiyochanganyika, ili anayetia sahihi ajue iwapo anafungua akiba yake au anafungua deni.