Mteremko wa Mstari na Umri wa Ulimwengu

Mwaka 1929 Edwin Hubble, mwanafalaki wa Marekani, alichora grafu inayofaa sana kusomeshea mteremko. Kwenye mhimili wa mlalo aliweka umbali wa galaksi kwa megaparseki, ambayo kila moja ni miaka-nuru milioni 3.26, kwenye mhimili wa wima, kasi ya galaksi hizo kwenda mbali nasi. Nukta zilitawanyika, lakini mstari mnyoofu ulipita katikati yake. Ulianza kwenye sufuri, na kwenye umbali wa 2 ulifikia takriban kilometa 1,000 kwa sekunde. Badiliko la wima likigawanywa kwa badiliko la mlalo, mteremko ni 500.

Umbali ukigawanywa kwa kasi hupatikana muda. Baada ya vipimo kulinganishwa, mteremko huo uliupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 2 hivi, ilhali Dunia ina bilioni 4.5. Mtoto amemzidi mama umri! Hesabu ya mteremko ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mhimili wa mlalo. Umbali wote ukipunguzwa kwa uwiano mmoja, mstari hubaki mnyoofu, ila husimama zaidi.

Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba nyota zilizotumiwa kupimia umbali ni za aina mbili, na umbali ukawa maradufu. Masahihisho mengine yalifuata. Leo mteremko ni karibu 70, na umri bilioni 13.8.